Neno Ambalo Nyongesa Hakulitamka Tena

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo, maana leo sauti yangu mimi haina nguvu. Ni Jalia wenu. Leo tunamkumbuka Bwana Nyongesa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Amefariki Jumanne nyumbani kwake Makindye, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Nyongesa, yule Mkenya wa magoti, hatunaye tena.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Hata mimi nilipita. Na kabla ya kumpenda, nilimwogopa kama kifo.

Ilikuwa mwaka 1988. Pikapu iliyokatika breki ilinibana ukutani pale Wandegeya, mlangoni mwa duka la kupiga chapa nilikofanya kazi. Pia ya goti langu la kulia ikapasuka. Nilikaa na plasta wiki sita. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umenyooka kama mchi. Daktari akasema, "Mwezi ukiisha goti halijafika nyuzi tisini, tutakulaza kwa dawa tulikunje kwa nguvu. Laweza kupasuka tena."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Goti lisipokunjika, nitasujudu vipi? Nitachuchumaa vipi? Na kwetu Buganda, mwanamke asiyeweza kumpigia mama mkwe magoti, nani atamposa? Nililia hadi macho yakavimba.

Ndipo nikapelekwa kwa Nyongesa. Alikuwa ametoka Bungoma, hajamaliza mwaka hapa Kampala. Luganda hajui hata neno la kuombea maji. Mtu mrefu, sauti nene. Alifunga mlango, akaonyesha mkeka, akasema kwa Kiswahili, "Lala chini." Kisha akatabasamu: "Usiogope, dada. Mwezi ukiisha utapiga magoti."

Vijana mnaonisikiliza, ninyi hamjui. Kiswahili kwetu wakati ule kilikuwa lugha ya bunduki. Vita vilikuwa vimeisha miaka miwili tu nyuma. Mwaka 1984 nilikuwa na baba yangu kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akaniambia, "Lala chini." Nikalala. Akamwambia baba, "Piga magoti." Baba akapiga magoti. Hakuinuka tena.

Kiswahili nilichokijua mimi kilikuwa hicho tu. Lala chini. Piga magoti.

Basi Nyongesa alipotamka neno lile la magoti, nilipiga yowe. Paja likakaza kama jiwe. Nikajikojolea. Ndiyo, nasema redioni, nilijikojolea. Mama yangu akaingia mbio kutoka nje: "Hapana gusa mutoto yangu! Wewe na Kiswahili yako!"

Nyongesa alidhani ni maumivu. Akaniwekea taulo la moto. Akakunja taulo jingine akaliweka chini ya goti. Akapima kwa kile kipimo chake cha pembe: nyuzi thelathini. Kesho yake, thelathini. Kesho kutwa, thelathini ileile. Kila asubuhi nilitapika kabla ya kuondoka nyumbani. Siku zilikuwa zinakwisha, na kile chumba cha kulikunja goti kwa nguvu nilikuwa nikikiota. Siku ya nne mama akamwita Nyongesa kando, akamweleza habari za baba.

Mjane wake, Bi Moreen, aliniambia jana: "Jioni hiyo hakugusa ugali. Alikaa tu akitazama mikono yake. Akaniambia, 'Moreen, huyu mtoto wa watu akiniangalia anaona askari.' Halafu akaenda kwa jirani kuomba afundishwe Luganda."

Asubuhi iliyofuata hakufunga mlango. Alimketisha mama pembeni yangu. Mimi nilikaa ukingoni mwa meza, miguu inaning'inia, meno yanagongana. Nyongesa alitaka kusema "funya okugulu", yaani kunja mguu. Ulimi ukateleza. Akasema kwa heshima zake zote, "Nnyabo, fumba okugulu."

Pika mguu!

Mama akamtazama. "Pika na matooke, ama na muhogo?"

Nilicheka huku nalia. Nilicheka mpaka paja likalegea, na mguu ukashuka wenyewe. Nyongesa akapima. Nyuzi arobaini na tano. Wasikilizaji wapendwa, arobaini na tano!

Nisiwadanganye, woga haukuisha siku hiyo. Kesho yake ulinikuta mlangoni. Lakini Nyongesa, ambaye sasa alilijua neno sahihi, aliendelea kuniambia nipike mguu, kila siku, bila kucheka. Wiki ya nne daktari alipima mara mbili, haamini. Nyuzi tisini na mbili. Hakuna aliyenilaza kwa dawa.

Lile neno jingine, la magoti, Nyongesa hakulitamka tena. Zaidi ya miaka ishirini ya kazi, kwa kila mgonjwa alisema "teremka polepole". Binti yake, Nabangala, anasema, "Hata sisi watoto, wakati wa sala, baba alituambia, 'Teremkeni, tuombe.' Hatukujua kwa nini. Tulidhani ndivyo wasemavyo Wabukusu wa kwao Bungoma."

Na Kiswahili hiki mnachonisikia nacho kila wiki, ni yeye aliyenifundisha. Nilimwambia najua maneno ya kutisha tu, anipe mengine. La kwanza alilonipa ni "pole".

Bi Moreen, Nabangala, na jamaa wote mnaomsindikiza Jumamosi kwenda Bungoma, poleni. Poleni sana. Mungu amrehemu.

Na wewe unayesikiliza, jiulize. Neno gani unalitamka kila siku, nyumbani au kazini, na mwenzako akilisikia mwili wake unakaza? Muulize leo. Akikuambia, liache.

Mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu. Bado naogopa. Kila nilipolitamka neno lile kwenye kipindi hiki, goti la kulia limekaza, na hapa chini ya meza nimelishika kwa mikono miwili.