Nane ya Nani?

IDA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

PANKRASI: Mimi.

IDA: Mimi nani? Namba siijui. Kama ni nyie wa "ile hela tuma namba hii," mmekosea mtu, kwangu hamna kitu—

PANKRASI: Ida, ni mimi. Baba Suzana.

IDA: Hee! Kidogo nikutukane! Simu ya nani hiyo?

PANKRASI: Ya mlinzi hapa getini. Kaniazima, na salio lenyewe la kuokoteza. Huko Namtumbo hamjambo?

IDA: Hatujambo, tumbaku tu inatuchosha. Tangu alfajiri tunachuma, mikono yote utomvu— we, achana na tumbaku! Usaili?

PANKRASI: Usaili... eh...

IDA: Haloo? Mtandao huu nao! Nimepanda hadi juu ya kichuguu—

PANKRASI: Nakusikia.

IDA: Si ndiyo kwanza saa nane na robo? Umeshatoka? Mbona upesi hivyo?

PANKRASI: Maswali yalikuwa machache.

IDA: Asante Mungu wangu! Wamekuuliza nini?

PANKRASI: Mambo ya ghala. Kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuandika.

IDA: Si ndicho ulichosomea! Stashahada imelala sandukuni miaka kumi na moja, mwenyewe unabeba magunia ya mahindi ya watu. Na viatu alivyokuazima Yohanes unayekaa naye, vimekutosha?

PANKRASI: Vinabana kidogo.

IDA: Vumilia. Maana wamesema mwisho miaka thelathini na tano, na wewe mwezi ujao umeshaipita. Nani atakuita tena? Jana nilimpigia Yohanes, maana wewe huna simu, ili nikusomee ule ujumbe wao ulioingia kwangu. Nikasema, safari hii—

PANKRASI: Ida.

IDA: Eh?

PANKRASI: Kule kwenye magunia wameshamweka mtu mwingine. Nyapara kasema nisirudi.

IDA: Aende zake huko! Karani wa ghala na magunia wapi na wapi?

PANKRASI: [anakohoa] Ndiyo.

[Sauti ya mlinzi, karibu: "Kaka, maliza basi. Nimeshakwambia usaili ulikuwa saa mbili, watu wameondoka zamani. Bosi akikukuta hapa nitafokewa mimi."]

IDA: Anasema nini huyo?

PANKRASI: Hamna. Anaongea na watu wengine.

IDA: Amesema saa mbili.

PANKRASI: Mtandao, Ida, unakata—

IDA: Mtandao gani, nimesikia! Ngoja nifungue ujumbe. Usikate... Huu hapa. Kizungu kitupu. Tarehe... halafu nane, nukta mbili, sifuri, sifuri. Si nane hii?

PANKRASI: Ni nane.

IDA: Nane ya nani?

PANKRASI: Achana nayo, Mama Suzana.

IDA: Nane ya Kizungu ni saa ngapi? Niambie! Ni saa mbili, eh? Mimi nimekusomea nane, wewe ukalala—

PANKRASI: Sikulala. Nipo hapa ng'ambo ya barabara tangu saa moja asubuhi. Nilisema niwahi.

IDA: Tangu saa moja?

PANKRASI: Niliwaona wanaingia. Wamechomekea, wana mafaili. Nikadhani ni wafanyakazi. Mmoja hata kanisalimia.

IDA: Mama yangu! Nimekuua, Baba Suzana! Nimekuua mimi mwenyewe kwa mdomo wangu—

PANKRASI: Usilie. Salio linaisha, sikiliza. Ulisoma vizuri. Imeandikwa nane, ukasoma nane.

IDA: Rudi uwaombe! Piga magoti—

PANKRASI: Nimeshapiga. Msalimie Suzana. Mwambie baba—

[Simu inakatika.]

IDA: Haloo? Baba Suzana? Nimwambie nini? Haloo?