Fundi Aliyetuletea Risasi za Shaba

Miaka thelathini na moja na miezi minne: huo ndio muda aliotumikia fundi wetu wa bunduki, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu. Alipoajiriwa, karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, chenye dirisha dogo na benchi lenye mguu mmoja mfupi. Benchi bado lipo. Mguu nao bado mfupi, kwa kuwa kila aliyejitolea kuutengeneza aliambiwa asubiri kwanza upimwe.

Ndiyo maana tunamwita Bwana Kipimo. Alipima mitutu, alipima mafuta ya kusafishia, alipima hata sukari ya chai yake, kijiko kimoja na robo.

Kwa wageni wetu wasiojua, idara hii ya wanyamapori huwinda nguruwe pori wanaozidi idadi, na nyama yao hupita katika chumba cha kukatia, ninakofanya kazi mimi. Zamani tulikuwa na desturi moja. Nyama safi iliuzwa, na ile ya kando ya jeraha, isiyopendeza machoni, tuligawiwa wafanyakazi. Tuliondoa damu iliyoganda, tukakata upana wa vidole viwili, basi. Tulishukuru. Nimelea watoto watatu kwa nyama hiyo.

Miaka kumi na miwili iliyopita Bwana Kipimo alitia bega la nguruwe kwenye mfuko, akampelekea dada yake anayepiga picha za eksirei katika zahanati. Picha ilirudi na vitone vyeupe vimetapakaa kama unga uliopulizwa, vingine shubiri nzima kutoka kwenye tundu. Risasi zetu zilitengenezwa kwa madini laini ambayo humeguka yakigonga mfupa, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Aliibandika picha kwenye dirisha la chumba cha nyama ili mwanga upite. Alisimama hapo mpaka sote tukaweka visu chini.

Ndipo akaomba idara ihamie kwenye risasi za shaba tupu, ambazo hufunguka kama ua bila kumeguka. Mkuu wetu alimpa msimu mmoja. Wanyama wakijeruhiwa na kukimbia, risasi za zamani zingerudi, na yeye angepelekwa getini kuandika namba za magari.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kiongozi wa wawindaji, marehemu mume wangu. Walipendana kama ndugu, kwa hiyo hawakuacha kuchokozana. Siku ya kwanza ya majaribio, risasi za shaba zilitawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama mahindi yaliyomwagika. Mume wangu alimuuliza kama ameleta risasi au misumari ya kuezekea, kisha akamwahidi kumnunulia mwavuli wa getini, maana kule mvua hainyeshi kwa kipimo.

Bwana Kipimo aliingia ndani na rula yake. Kesho yake asubuhi alitangaza mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa lake: alichagua risasi za uzito uleule wa zile za zamani. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo uzito uleule huzaa risasi ndefu zaidi, na mitutu yetu mizee haikuweza kuizungusha vya kutosha ili iruke bila kuyumba. Akaagiza zilizo nyepesi. Akasugua mitutu siku mbili kuondoa mabaki ya madini ya zamani, akarekebisha darubini za bunduki moja moja, akaweka na sharti: mtu asipige mnyama aliye zaidi ya hatua mia moja na hamsini, kwa sababu shaba ikipungua kasi haifunguki.

Wa kwanza kuitwa ajaribu alikuwa mume wangu. Alipiga tano. Matundu yote matano yalifunikwa na kizibo kimoja cha soda. Alikwenda hadi kwenye ile karatasi, akaomba penseli na kuandika pembeni: “Fundi, getini watafute mtu mwingine.”

Msimu ule alitupotea mnyama mmoja tu aliyejeruhiwa. Msimu uliotangulia walikuwa saba. Karatasi ikapigiliwa ukutani juu ya benchi.

Mume wangu alipofariki mwaka juzi, Bwana Kipimo alikuja nyumbani siku tatu mfululizo, akakaa karibu na mlango. Hana maneno mengi. Siku ya tatu alipoondoka, niligundua kwamba bawaba zimetiwa mafuta, na mlango ule haulii tena.

Jumatatu iliyopita aliing'oa karatasi ile, akaniletea ndani ya bahasha. Alisema, shemeji, huu ni mkono wake, kaa nao. Nilikaa nao siku mbili. Kisha nikaurudisha juu ya benchi, maana mwandiko wa mume wangu ninao mwingi kwenye orodha za sokoni, lakini fundi mpya atauhitaji siku atakapoambiwa kwamba risasi za zamani zilikuwa nafuu na hazikuwa na masharti.

Nyama ya kando ya jeraha bado tunagawiwa. Siku hizi naibeba kwa wajukuu bila hofu.

Asante, shemeji. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na sukari iwe vijiko viwili vilivyojaa. Hakuna atakayepima.