Mahari ya Mwanamke wa Godoro

Benchi langu liko Namuwongo, Kampala, ubavuni mwa reli. Treni ya mizigo ikipita, unafunika kikombe kwa kiganja au unakunywa vumbi. Mimi ni Concy, nauza kahawa ya tangawizi, na Kiswahili changu nilikipata kambini kwa baba yangu askari, kwa hiyo nikikutukana usishangae. Wateja wa kudumu ni wanaume wanne wanaojiita wenye benchi, ingawa mbao ni zangu. Kuna Bashir, muuza vyombo vya plastiki kule sokoni Kikuubo, aliyefiwa na mke. Huyo tunamwita Beseni. Kuna Erinayo, mchora mabango, ndiye Brashi. Kuna Ramathan, askari jela mstaafu wa Luzira, tunamwita Afande. Na kuna Valère, muuza vitenge kutoka Bukavu, tunamwita Kinshasa kwa sababu hataki kuitwa hivyo. Jumatatu hiyo walikaa kumhukumu Beseni. Jumamosi alikwenda kutazama mchezo mpya wa kuigiza, akasimama katikati ya mchezo, mbele ya ukumbi mzima, akatoa mahari.

AFANDE: Rudia maelezo. Ulisimama kwa amri ya nani?

BESENI: Hakuna amri, Afande. Mwanamke ana godoro kichwani tangu mchezo unaanza. Anagonga mlango huu, anagonga mlango ule, na kila mlango anasema, "Sina mahari, mama. Naomba mahari, hata kadogo." Wanamfungia! Nikatazama kulia, watu wanatafuna njugu. Nikatazama kushoto, njugu. Roho ikaniuma. Nikasimama: "Dada, mimi Bashir wa Kikuubo natoa mbuzi saba na seti ya mabeseni!"

BRASHI: Na watu wakapiga makofi. Nilikuwepo, ssebo. Kweri kabisa, walifikili na wewe ni mwigizaji.

MIMI: Na yeye akafanyaje?

BESENI: Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akaendelea na mlango mwingine.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi langu, anatafuna ufagio wangu.

MIMI: Na huyu?

BESENI: Sampuli. Biashara ya jumla, Concy, kwanza unaonyesha sampuli. Alhamisi anaigiza mara ya mwisho hapa, kisha anaupeleka mchezo Arua. Sasa nishaurini. Niende na mbuzi wote Alhamisi, au nijifiche Kikuubo mpaka watu wasahau?

KINSHASA: Ujifiche? Séraphine ni mutoto ya kwetu, ni yeye ameandika muchezo na ni yeye anaucheza. Mbuzi saba ni matusi. Leta ng'ombe, tuanze kuongea.

BESENI: Wewe ni nani wake?

KINSHASA: Mjomba.

MIMI: Tangu lini?

KINSHASA: Tangu Jumamosi, mbuzi ilipotajwa.

BESENI: Kwetu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, anapewa mkononi mwake. Mjomba hapati hata kwato.

AFANDE: Ngojeni! Kosa la kwanza ni kujibu. Mchezo ni kama gwaride, mutu anatazama na kunyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

BESENI: Mkuu gani? Afande, huo ni mchezo mpya! Shuleni tulikuwa tunachezeshwa michezo ya marehemu. Ya marehemu unanyamaza, ni kama msiba, utamwuliza nani? Lakini huyu mwandishi yuko hai, anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, ananunua mkaa ninaponunua. Mtu aliye hai akikuuliza jambo mbele ya watu usimjibu? Hiyo si heshima.

Hapo hata mimi niliona ana hoja, na hilo liliniudhi.

KINSHASA: Lakini ngoja. Uliposa nani? Séraphine ao ule mwanamuke wa muchezo, Furaha?

BESENI: Godoro lilikuwa kwa Furaha.

KINSHASA: Basi ni mujomba ya Furaha anapokea. Na alikufa kwa sehemu ya pili, tuliona bote. Utalipa kaburi?

BESENI: Mwandishi yuko hai! Akitaka, mjomba anafufuka Alhamisi.

BRASHI: Banange! Na sisi tuliokula njugu? Kula njugu mbele ya posa ni kukubali. Ukumbi wote sasa ni wakwe zake. Beseni, una wakwe mpaka yule wa tikiti.

AFANDE: Mbaya zaidi. Umeingia ndani ya mchezo bila kibali. Kutoka, lazima mwandishi akuachilie kwa maandishi. Mpaka hapo wewe ni mchezaji. Akienda Arua, unakwenda Arua. Akienda Juba, unakwenda Juba. Kila usiku, kiti kilekile, unasimama, mbuzi saba. Hicho ni kifungo cha maisha na kazi ngumu.

BESENI: Na mabeseni?

AFANDE: Mapya kila usiku.

KINSHASA: Mutaka cha mvunguni sharti ainame.

MIMI: Ana godoro tu, hana kitanda. Mvungu utatoka wapi?

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Beseni hakucheka. Alikuwa anamlisha mbuzi ganda la ndizi, akasema bila kututazama:

BESENI: Nyinyi chekeni. Tangu mke wangu Umulkheir aondoke, napika wali wa watu wawili kwa sababu sijui kupika wa mmoja. Nakula peke yangu, nabishana na redio. Jumamosi nilimwona mtu anafungiwa milango mbele ya macho yangu, na kitu anachotaka mimi ninacho. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuwa na kitu ambacho mtu anakitafuta.

Afande akakohoa kikohozi cha kijeshi.

AFANDE: Sawa. Alhamisi tunakwenda wote. Mimi nashika mbuzi.

Wakaanza kugombea nani atatembea mbele. Hawakumwona mwanamke aliyesimama pembeni ya sufuria yangu, kitambaa kichwani, bango limekunjwa kwapani, viatu vyekundu kwa vumbi. Mimi nilimjua. Alikuwa Séraphine mwenyewe.

SÉRAPHINE: Jambo, mama. Banasema mutu wa kuandika mabango anakunywa kahawa hapa.

Brashi akaingiza uso wote kwenye kikombe. Séraphine akalikunjua bango mbele yetu. Ni lile lililoning'inia juu ya jukwaa, herufi nyekundu kubwa kama milango: NATAFUTA MAHARI.

SÉRAPHINE: Mi nilimwambia "mahali". Ma-ha-li. Mwanamuke anakimbia vita, anatembea na godoro, anatafuta mahali pa kulitandika. Hii R imetoka wapi?

Nikamtazama Beseni. Midomo yake ilikuwa inasoma lile neno upya, polepole, herufi kwa herufi.

BESENI: Lakini nilisikia... Spika ilikuwa inakoroma, na bango liko juu ya kichwa chake. Ukishasoma, sikio linafuata jicho.

MIMI: Brashi! Toa pua kwenye kikombe cha watu!

BRASHI: Ni nyie mmenihalibu! Wakati wa uchaguzi niliandika "Piga Kula", mkanicheka mwezi mzima. Nikapita balabalani, watoto wananipigia kelele, "Kula, kula!" Nikaapa, bambi, masikini mimi, kuanzia leo nikiwa na wasiwasi naweka R. Mwenye macho haambiwi tazama!

AFANDE: Hiyo methali haihusiki.

BRASHI: Hata ile yako ya guu haikuhusika!

Séraphine hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililotumaliza. Alionekana mtu aliyechoka tu, na anayetaka kuelewa.

SÉRAPHINE: Tangu wiki iliyopita minasema "sina mahali" na batu banalia kabisa, machozi ya kweli. Mi nikawaza, Mungu wangu, Kampala inanisikia. Kisha huyu papa Bashir akasimama na mbuzi saba. Jana mutu ameniacha kuku kwa mulango. Asubuhi mama mumoja ananiambia, "Usikubali, mwanangu, ngojea ng'ombe." Muniambie. Bote hawa balioletea mi mbuzi na kuku, bangenisikia vizuri kwamba ninatafuta mahali, kuna mumoja angesimama?

Afande, mwenye kifungu cha kila jambo, alitazama reli. Kinshasa, mjomba wa siku mbili, alikunja na kukunjua kitenge chake. Mimi mwenyewe nilikoroga sufuria iliyokuwa tupu. Nilikumbuka chumba changu cha nyuma, kimejaa magunia tu, nikaona aibu, na nikakoroga zaidi.

SÉRAPHINE: Haina shida. Minachoka. Hapa kwa benchi, kuna mahali?

Neno lilitoka safi kabisa, na wanaume wanne walilisikia kama lilivyo. Benchi lilikuwa limejaa toka ncha hadi ncha. Wakasogezana kidogo, wakasukumana viwiko, hakuna kilichopatikana. Ndipo Beseni akasimama. Alisimama haraka, kama alivyosimama ukumbini, na mdomo ulifunguka kama mtu anayetaka kutaja mbuzi, ukafungwa. Akapangusa ubao kwa mkono wa shati lake, akarudi nyuma hatua moja mpaka akamkanyaga mbuzi.

Séraphine akaketi. Akanyoosha miguu, akafumba macho kidogo, kisha akamtazama Beseni aliyesimama juani na kikombe chake.

SÉRAPHINE: Aksanti, papa. Na weye sasa, utakaa wapi?