Udongo wa Kenya Hauvuki Mto

Mheshimiwa Bwana DO, Chifu wetu, Bwana Padri uliyeahirisha ubatizo ili uje ule nasi, Mwalimu Mkuu, ndugu zetu mliovuka mto kutoka Uganda asubuhi hii bila kuulizwa na mtu, akina mama mlio jikoni mnaonisikia kupitia dirisha, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaosukumana huko nyuma: hamjambo?

Mimi ni Zephaniah Ochom, mwenyekiti wa kamati ya shule hii. Nimepewa dakika tano za kumuaga Mwalimu Methuselah Opolot, anayestaafu leo baada ya miaka kumi na minane na kurudi kwao Amukura kufuga kuku. Wengine watawaambia habari za hesabu na kwaya. Mimi nitasema juu ya masikio ya watoto wenu, kwa maana hayo ndiyo yaliyotaka kuifunga shule hii mwaka wa sitini na tano.

Mmesahau? Upele ulikuwa mwingi, na funza wamefanya makao katika vidole vya miguu. Bwana Afya alikuja kutoka Busia, akamtazama mtoto mmoja wa darasa la tatu, akarudi nyuma hatua mbili. Akaandika barua: baada ya mwezi mmoja nitarudi, na nikiwakuta hivi, shule itafungwa mpaka mwaka ujao. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki wiki sita! Binti yangu Milka alikuwa katika darasa hilo, wa kwanza nyumbani kwangu kufika huko, na kusema kweli niliogopa sana.

Mwalimu Opolot akaanza ukaguzi wa kila asubuhi. Ndugu zangu, sijapata kusikia watoto wakijitetea namna ile. Mmoja alisema, "Mwalimu, hii shingo si uchafu, ni rangi ya babu." Mwingine akasema, "Mimi naoga Krismasi na Pasaka, na Pasaka bado." Mtoto wa Oriokot aliosha mkono wa kulia peke yake, ule wa kushoto akaufunga kitambaa na kusema umevunjika. Ulivunjika siku nne, siku ya tano akasahau akaufunga wa kulia.

Walipoona fimbo imezidi, wakagundua jambo ambalo ni mtoto wa mpakani tu angeligundua. Kengele ikilia, wanatimua mbio hadi mtoni, wanavuka pale penye maji ya magoti, wanasimama ng'ambo na kupiga kelele: "Mwalimu! Hapa ni Uganda! Kucha zetu ziko Uganda!" Na Mwalimu, mtu wa sheria huyu, alisimama katikati ya mto na fimbo yake. Je, angefanyaje? Yeye ni mtumishi wa Serikali ya Kenya. Nani alimpa ruhusa ya kukagua kucha katika nchi ya watu?

Basi matokeo ya wiki ya kwanza yakawa haya: kuanzia magotini kwenda chini walikuwa watoto wa askofu, kuanzia magotini kwenda juu walikuwa viazi vitamu vilivyong'olewa jana.

Ndipo Mwalimu akafikiri. Ana dada yake, Mama Roselida, aliyeolewa ng'ambo pale, watoto hawakumjua. Jumatatu watoto wakavuka wakicheka, wakamkuta mama mnene ameketi juu ya kiti, mche wa sabuni mkononi, gunzi la mahindi mapajani.

"Simameni hapo," akasema. "Mimi ndiye mlinzi wa mpaka. Mahindi ya magendo nimezoea. Lakini ninyi mnaingiza udongo! Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Udongo gani, mama?"

"Huo wa masikioni. Huo unatosha kupanda wimbi. Udongo wa Kenya ubaki Kenya. Ama muuache hapo majini, ama mrudi kwa yule mzee mwenye fimbo."

Watoto wakatazama nyuma, wakaona fimbo. Wakatazama mbele, wakaona sabuni. Wakachagua sabuni, na aliyepita alipewa njugu. Majuma matatu, kila asubuhi, Mwalimu anafukuza huku na dada yake anasugua kule. Watoto wakaamini mpaka mwisho kwamba wanamkimbia Mwalimu!

Bwana Afya akarudi. Watoto wamejipanga, wanang'aa mpaka unajiona usoni mwao. Akatazama vidole, akatazama shingo, akakosa la kuandika. Mimi kwa furaha nikamkimbilia na kumpa mkono. Akaushika, asiuachie. Akaugeuza. Akasema, "Geuka, mzee." Nikageuka. Akatazama nyuma ya masikio yangu kwa muda mrefu, kisha akaandika katika kitabu cha wageni, na maneno hayo yamo humo hadi leo: "Shule isifungwe. Mwenyekiti asikaribie watoto mpaka aoge."

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Juu ya baba walinyamaza. Milka alinishika mkono, akasema, "Baba, twende." Shule nzima ikanisindikiza mtoni ikiimba, na Mama Roselida hakunionea huruma wala hakunipa njugu.

Milka alifanya mtihani wake, akapita. Sasa yuko chuo cha ualimu. Mwalimu Opolot, inaniuma kukuona ukiondoka. Ulimchapa mtoto wangu mara mbili na kumwokoa mara moja, na hiyo moja ndiyo ninayoikumbuka. Kuku wa Amukura hawajui kinachowajia.

Sasa, chakula kiko tayari. Lakini kwa heshima ya Mwalimu, leo hakuna atakayekula kabla ya kukaguliwa. Watoto wa darasa la pili wanaanza kupita katikati yenu. Toeni mikono, nyoosheni vidole. Bwana Padri, mkono usiingie ndani ya kanzu. Bwana DO, samahani mzee wangu, na wewe pia. Birika na sabuni viko pale mlangoni. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio, nanyi watoto, msisahau kuyatazama na hayo.