Bibi Magoti na Soketi za Nyumba Zetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mkaguzi wetu wa umeme wa majumbani anafunga kazi rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye jalada la kijitabu hiki cha kumuaga. Humu ndani nitamwita kama anavyoitwa na ofisi nzima, mafundi wote na wenye nyumba wa mji huu: Bibi Magoti. Kamati ya shughuli imenisihi niandike mambo ya kuchangamsha. Haya, nianze na hayo.

Jina alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Sisi wakaguzi wengine tukiingia nyumba mpya huenda moja kwa moja kwenye boksi la swichi, tukasimama mbele yake mikono nyuma kama wageni wa heshima. Yeye alipiga magoti mlangoni, akaanza kutambaa. Mwenye nyumba alidhani ameangusha hereni, naye akainama kumsaidia. Wakazunguka sebule nzima hivyo, mmoja akitafuta hereni, mwenzake akichungulia soketi. Alipoulizwa, alijibu kwamba mwenye nyumba halisi ni mtoto anayetambaa, sisi wengine wote ni wapangaji, na hatari za nyumba huonekana ukishuka kwenye kimo chake.

Masharti yake hayakuwa mengi. Soketi iwe na vifuniko vya ndani vinavyoziba matundu mpaka plagi iingie, ili msumari wa mtoto ugote hapo hapo. Waya wa ardhi ufike ardhini kweli, usiishie ukutani kwa kumdanganya mkaguzi. Kwenye boksi kuwe na swichi inayojikata yenyewe mtu akinaswa, kabla hajamaliza kupiga ukelele. Na soketi ikae mbali na maji, basi. Aliyetimiza alipewa cheti na tabasamu. Asiyetimiza aliambulia tabasamu peke yake.

Mafundi walimchukia, jamani! Mmoja wao, mwenye maneno mengi kuliko nyaya, alikuwa akibadilisha umeme wa nyumba kongwe. Akafunga soketi nzuri sebuleni na za ovyo chumbani, kisha akazificha kwa kitanda, akijua mama mtu mzima hawezi kuingia uvunguni. Aliingia. Alitoka na utando wa buibui kichwani na kandambili moja ambayo mwenye nyumba alikwisha kuikatia tamaa, na fundi akaanza kazi upya. Leo fundi huyo huyo ndiye anayewakaripia vijana wake wakisahau vifuniko, na duka la vifaa lililo jirani na ofisi limeacha kabisa kuuza soketi zisizo navyo kwa sababu hazina mnunuzi. Hayo ni mafanikio ya mtu mmoja na magoti yake mawili.

Mambo ya kuchangamsha yameishia hapo.

Miaka mitano iliyopita ofisi ilitujengea nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana. Bibi Magoti alitambaa kila chumba, kisha akakataa kuzipitisha. Soketi hazikuwa na vifuniko, na kwenye maboksi palikuwa patupu pale ilipotakiwa kukaa swichi ya kujikata. Mkuu wetu, ambaye utepe wa ufunguzi alikwisha kuununua, alimweleza kwa upole kwamba wafanyakazi wa ofisi ya umeme wanaujua umeme, hawana haja ya kulindwa kama watoto wadogo. Bibi Magoti akauliza kama na watoto wao wameajiriwa. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya karatasi na kalamu, eti apumzishe magoti, na nyumba zikapitishwa na mkaguzi aliyekagua akiwa amesimama. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, tukahamia.

Dereva wetu alipata nyumba ya mwisho, yeye na mkewe na binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika viti. Asubuhi moja mtoto aliokota kibanio cha nywele cha mama yake, akakiingiza kwenye soketi nyuma ya kochi. Hapakuwa na kifuniko cha kukizuia, wala swichi ya kujikata. Ni baba yake aliyekimbilia boksi na kuzima nyumba nzima. Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini vidole vya mkono wa kulia viliungua vibaya, vikapona vikiwa vimejikunja, na havikunjuki tena.

Bibi Magoti alikuwa hospitali kila siku akitoka kazini, akimbembeleza mtoto na kumlazimisha mama mtu ale. Hata mara moja hakutamka kwamba alitwambia. Mimi ningelitamka, tena ukumbini, mbele ya mkuu, kwa kipaza sauti! Yeye alisubiri Jumamosi, akaenda na bisibisi zake kubadilisha soketi zote za nyumba ya dereva na kufunga swichi kwenye boksi. Alipohamia nyumba ya jirani kuanza kazi hiyo hiyo, aliandikiwa onyo kwa kugusa mali ya ofisi bila kibali. Kibali aliomba mwaka ule, na kila mwaka baada ya hapo, asipewe. Kwa hiyo nyumba nyingine ziko vile vile. Tunaziba matundu kwa utepe wa gundi na kuyasukumia makabati, na sasa hivi kwenye nyumba hizo kuna wajawazito wawili.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza anapenda zawadi gani ya kumuaga. Aliomba kitu kimoja tu: soketi na swichi za nyumba zile zirekebishwe kabla hajaondoka. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaona ombi hilo halifungiki kwenye karatasi ya zawadi wala halipendezi kwenye picha. Amenunuliwa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, inatumia betri, angalau hiyo haina madhara.

Huenda mtajiuliza maneno haya yamepitaje hadi yakachapwa. Mpiga chapa anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na mkewe ni mmoja wa wale wajawazito wawili.

Mama yetu, asante. Asante kwa nyumba ambazo watu wanalala humo bila hata kujua kwamba uliwahi kutambaa kwenye sakafu zao. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La ofisi yetu halikuwa la kufa, mama, lilikuwa linasikia vizuri kabisa. Nenda ukae kwenye kiti kirefu, uinue miguu, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na magoti yako yasikuume tena kwa ajili yetu. Tunakuombea uzee mtamu.

Mwisho, tangazo dogo kwa wageni wa meza kuu. Shada la maua litakabidhiwa na binti wa dereva, ambaye ameanza shule mwaka huu. Atalitoa kwa mkono wa kushoto. Tafadhali, asitokee mtu wa kumwambia kwamba mtoto mwenye adabu hutoa kwa mkono wa kulia.