Apolinary Mniko, Dereva Asiyeuza Jumapili Yake

Ndugu Apolinary Mniko anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya kukitumikia kinu chetu cha pamba hapa Bunda miaka ishirini na mitano. Ishirini na mitatu alikaa nyuma ya usukani, miwili ya mwisho nyuma ya fyekeo. Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Wenye elimu wote wakakimbia, wakanisukumia mimi Boniphace wa stoo. Mkiona kosa, mlaumuni mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye kwa bahati yake ameshafariki.

Alitoka kwao Butiama akiwa kijana mwembamba, leseni mpya ameishika kwa mikono miwili kama anapokea komunyo. Akapewa lori la kupeleka marobota ya pamba bandarini Musoma. Lori lenyewe ukikanyaga breki leo, linasimama kesho. Hata hivyo hakuwahi kulitumbukiza mtaroni, isipokuwa mara moja pale Nyakato, na mpaka leo anasemaga mtaro ndio uliosogea.

Tusidanganyane kuhusu mwanzo wa uchaji wake. Hakuingia kanisani kumfuata Mungu. Alimfuata Dafroza, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango. Padre alifika kwetu kwa nadra, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada iliongozwa na Katekista Pastory, mtu mwema kabisa, ila mahubiri yake yana mlango wa kuingilia tu. Apolinary akavumilia mahubiri, akapewa ngoma apige, akampata Dafroza, akamwoa. Tukasema sasa kanisani haendi tena. Akazidi kwenda. Nikamuuliza, mke si umeshapata, unatafuta nini kingine kule? Akanijibu, "Boniphace, wiki nzima naongea na gia. Jumapili naenda kujibiwa."

Na kweli, Jumapili alikuwa mtu mwingine. Huyu ambaye Jumatano ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi, ibada ikiisha alikuwa hatoki uwanjani. Atamsalimia bibi huyu, atamuuliza yule ng'ombe wake amezaa nini, atabeba mtoto wa mtu na kumsahau mgongoni. Jioni jumuiya ilikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma neno, wakanywa uji, wakacheka mpaka sisi majirani tusiosali tukachungulia. Mimi nilichungulia nikakaribishwa. Neno silikumbuki, uji naukumbuka.

Halafu ikaja miaka ya shida. Sabuni hakuna, sukari foleni, ugali ni ule wa unga wa njano tuliouita Yanga, na shati la mtu lilikuwa moja. Watu wengine waliona aibu kwenda kanisani na viraka. Apolinary akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia Mungu hana duka la nguo. Kisha akamwomba meneja vitambaa vilivyochanika vya kufungia marobota, akina mama wakavishona sare ya kwaya. Muhuri wa kinu haukutoka hata walipofua kwa majani ya mpapai. Kwaya ikigeukia altare, waumini wote wanasoma mgongoni "FIFI", yaani pamba ya daraja la pili. Dafroza alisema ni sawa tu, mbinguni wenye daraja la kwanza ni wachache.

Nani asiyekumbuka safari ya Butiama? Wakati huo serikali ilipiga marufuku magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kubana mafuta. Kwaya yetu ikaalikwa kuimba kwao Apolinary, kinu kikatoa lori kwa sharti liwe limerudi kabla ya saa hiyo. Katekista Pastory akahubiri. Akamaliza, akakumbuka kitu, akaanza upya. Kwaya ikapewa nafasi tayari jua limepinda. Dafroza akawa anampungia mumewe mkono, maana yake wacha ngoma tuondoke. Mume akadhani mke anataka mdundo wa haraka zaidi. Akaongeza. Mama akapunga kwa mikono yote miwili, baba akaongeza tena, na waumini wa Butiama, ambao hawakuwa wameona kitu kama hicho, wakaingia kucheza na wazee wao wenye fimbo. Walipochoka, saa nane ilikuwa imeshapita zamani.

Lori likalala Butiama. Wenyeji wakapika walichokuwa nacho, wageni wakalala kanisani kwenye mikeka, na Jumatatu wakaingia getini kwetu saa nne asubuhi, bado wanaimba. Meneja alikuwa amesimama na saa mkononi. Apolinary alipewa onyo kali, akalipokea kwa adabu, akamwambia meneja, "Mzee, wewe nawe ungechelewa." Hakulala tena na gari la kinu hata siku moja, lakini Butiama waliomba kwaya irudi kila mwaka. Katekista ndiye waliyesema si lazima.

Mwaka 1994 kinu kikauzwa kwa mtu binafsi. Bosi mpya alileta rangi, alileta simu, alileta na amri: msimu wa pamba malori yatatembea siku saba. Apolinary akaingia ofisini kofia mkononi. Akasema Jumamosi mnitumie mpaka nichoke, Jumatatu mniamshe majogoo hayajawika, Jumapili asubuhi naiomba. Bosi akasema achague, funguo au kanisa. Jamaa akaziweka funguo mezani taratibu, kama anaweka yai.

Hapo hatukucheka. Alikuwa amebakiza miaka miwili, na watoto wawili wako sekondari. Dafroza mwenyewe, mwanakwaya, alimjia juu: "Baba watoto, shuleni watapokea haleluya badala ya ada?" Akamjibu, "Nitafanya kazi yoyote watakayonipa. Ila wakinichukulia Jumapili, hizo siku sita nyingine nitazibeba na nini?" Kesho yake mama akamfungia chakula cha mchana, ndipo tukajua wamekubaliana.

Hawakumfukuza. Walimpa fyekeo, afyeke uwanja mzima wa kinu, mtu aliyekuwa akipigiwa saluti barabara yote ya Musoma. Kijana Chacha, aliyerithi lori lake, akampigia kelele dirishani, "Mzee, hiyo ni gia ya ngapi?" Mzee akasema bila kuinua kichwa, "Rivasi, napisha mizigo kama wewe." Mvua ikanyesha, majani yakamshinda. Basi Jumamosi moja jumuiya nzima ikaja na mafyekeo yao, wakafyeka huku wanaimba, mpaka bosi akatoka kuuliza nani ameajiri watu hawa. Hakuna aliyemjibu, walikuwa katikati ya kiitikio. Kuanzia hapo kila majani yalipopanda walirudi. Lori hakurudishiwa, na Jumapili hakukosa hata moja.

Sasa ametuletea la mwisho. Kampuni humsafirisha mstaafu na mizigo yake mpaka kwao, ni haki yake. Ofisi ikapanga lori Jumapili asubuhi, tarehe 30, kwa sababu Jumatatu msimu unaanza na gari halitapatikana. Jana wakamwambia ni Jumapili au hakuna. Akasema basi hakuna, akawashukuru, akarudi kufyeka.

Habari imefika kwenye jumuiya kabla ya mimi kumaliza aya hii. Jumapili atasali na watu wake kama kawaida, nao wamesema mahubiri yawe marefu kadiri Katekista anavyotaka, kwa sababu ni ya kuagana. Jumatatu alfajiri baiskeli zao zitaondoka Bunda kwenda Butiama. Mama Justina wa jumuiya anatoa mkokoteni na ng'ombe wawili kwa ajili ya kitanda na kabati. Sisi wa kinu tulio na baiskeli tufike na kamba zetu nzuri, na Chacha ameshaomba abebe magodoro.

Ndugu Apolinary, asante kwa pamba uliyofikisha na kwa Jumapili ulizokataa kutuuzia. Uishi vizuri huko Butiama, wewe na Dafroza, na Mungu awape majirani wanaojibu.