Mfadhili Aliyekuja Bila Jembe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye mikono safi, asifiwe na sisi wenye mikono ya grisi!

Mnanijua, mimi ni Baba Agatha wa Sanje, yule mwenye Landrova kuukuu. Gari lile nililipenda kupita kiasi. Nikitoka shamba naingia uvunguni mwake, chakula kinapoa. Mke wangu aliliita mke mwenza, na asubuhi alikuwa akilisalimu, "Mwenzangu, umelala salama?" Tulikuwa tukicheka, lakini leo namwonea huruma.

Basi mwaka ule, mvua za kupandia zikiwa karibu, akaja bwana mmoja nadhifu kutoka Dar es Salaam. Alisema kampuni yao ya tairi inatafuta magari ya kudhamini kwenye mashindano ya mbio za magari. Tairi mpya zote, rangi mpya, na jina langu ubavuni! Ila kwanza nitoe ada ya kujiandikisha. Ndugu zangu, ndani sikuwa na kitu isipokuwa magunia ya mpunga wa mbegu. Tukiuza mbegu, tutapanda nini? Watoto watakula nini?

Lakini mimi niliona sawa tu. Kwetu bondeni ukiita watu wakusaidie kulima, wewe mwenye shamba ndiye unayetangulia kupika. Nikajiambia, na huyu nimtangulizie. Nikaanza kutoa magunia nje.

Mama Agatha hakupiga kelele. Alikuja akakaa juu ya gunia, akanishika mkono huu, na grisi yake. "Baba Agatha, watu wa kulima nawapikia kwa sababu kwao nakujua, na wanakuja na majembe begani. Huyu kaja na nini?"

Haleluya! Tukasali pale pale penye magunia, nikalia. Kisha nikaenda kumwomba yule bwana alivishe gari tairi moja tu, ndipo mpunga utoke. Uso ukambadilika! Mara nafasi zinafungwa leo, mara wenzangu wanazigombania. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu afike hajaniomba hata nimfungulie boneti. Mfadhili gani wa gari hataki kuliona gari lenyewe? Jioni hiyo akaondoka. Fundi mmoja wa Ifakara alitoa ada ile ile, na tairi hajaziona hadi leo. Mwombeeni.

Mvua ikanyesha, tukapanda, watoto wakala.

Ndugu yangu unayeahidiwa makubwa kwa sababu ya gari lako, muulize huyo mtu kaja na nini. Na moyo wako mpe Yesu. Yeye hakuniambia nitangulize kitu. Alitangulia mwenyewe, nami nikiwa bado mwenye dhambi.

Landrova ingali na tairi zake vipara, na ndiyo iliyotuleta hapa leo. Asubuhi, kabla sijaigusa, nilimsalimu kwanza mke wangu. Simama, Mama Agatha, wakuone.